MGB ya 1966 kwa Malindi: chuma kwanza, rangi mwisho

Mtu anayetafuta gari la kwanza hapa Malindi huelekezwa kwenye Probox au Vitz, na ushauri huo ni wa haki. Spea zake zimejaa kila mji kutoka hapa hadi Mombasa, na hakuna fundi asiyezijua. MGB ni jambo jingine kabisa. Ni gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Wingi huo ndio unaoliokoa hadi leo, kwa kuwa karibu kila kipande chake bado kinatengenezwa upya huko Uingereza. Langu ni la 1966, la wazi, la viti viwili, na ndilo gari langu la kwanza: la kwendea kazini, sokoni na Watamu siku za mapumziko. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameliona moja limefunikwa turubai nyuma ya nyumba fulani kule Casuarina na moyo wake umeshaenda.

La kushika kabla ya yote ni mpangilio wa kazi. Bodi, breki, maji, umeme, mafuta, kwa utaratibu huo. Viti, krome na rangi vinakuja baadaye sana. Ukianza na rangi kwa sababu ndiyo inayopendeza, utaikata mwenyewe kwa moto wa welding kabla ya mwaka kuisha.

Tafuta gari ambalo tayari liko nchini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na MGB nyingi sana ziliuzwa Marekani zikiwa na usukani wa kushoto. Kabla ya kuzungumza bei, linganisha logbook na namba zilizo kwenye gari lenyewe. Namba ya chesisi ya MGB ya wazi ya kati ya 1962 na 1967 huanza na GHN3, ya 1967 hadi 1969 GHN4, na zinazofuata GHN5. GT, ile yenye paa la chuma, ni GHD. Injini ikiandikwa 18G au 18GA ni ya beringi tatu za kranki. Kuanzia 18GB, iliyoingia mwishoni mwa 1964, ni beringi tano, nayo huvumilia zaidi safari ndefu. Namba zisipolingana na logbook, mwachie muuzaji azirekebishe NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa jina lake kwanza. Usikubali kuambiwa ni jambo dogo la kumalizwa baadaye.

Kisha piga magoti. MGB haina chesisi ya kukaa peke yake. Bodi ndiyo chesisi, na nguvu zake zimo kwenye boriti za chini ya milango. Kila boriti ni mabati matatu yaliyounganishwa: la nje unaloliona, la katikati, na la ndani linaloshikana na sakafu. La nje linaweza kubandikwa jipya na kung'arishwa huku la katikati limeshaisha. Pitisha sumaku chini ya milango, kwenye kona ya chini nyuma ya gurudumu la mbele, na kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Pale sumaku inapokataa kushika, pana puti. Kisha chukua bisibisi nyembamba, omba ruhusa, na usukume kwa kiganja. Kwenye gari moja nililokagua kabla ya hili, muuzaji alisema, "Hapo ni rangi tu imechubuka, kaka." Bisibisi ilizama hadi mpini, na ilipotoka ikamwaga vumbi la kahawia kama majani ya chai. Sikulinunua.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma, juu na chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeanza kujikunja katikati. Weka jeki nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, inua taratibu, ujaribu kufungua mlango. Mlango ukikwama au ukisugua, boriti zimekufa hata kama kwa nje zinang'aa. Inua pia vifuniko vya betri nyuma ya viti, kwa sababu visanduku vile huoza chini, na uguse juu ya tangi la petroli: maji na mchanga hukaa kati ya tangi na sakafu ya buti, na tangi hutoboka kwa juu.

Hapa pwani kutu haina msimu wa kupumzika. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini moja kwa moja, na chumvi hukaa juu ya chuma, hunyonya unyevu wa usiku na kuanza kazi. Ndiyo sababu gari lililokaa Nairobi au Nanyuki kwa miaka mingi lina thamani zaidi kwako kuliko lililokaa Silversands, hata kama la Silversands linawaka na lile la bara limekufa injini. Injini hufufuliwa kwa bei inayojulikana, lakini bodi iliyooza haina kikomo cha gharama. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza bodi mpya kamili za MGB kwa kutumia mashine za asili, lakini gharama ya kuileta moja hadi hapa haimfai mtu anayenunua gari la kwanza.

Kwenye kuchomelea ndiko nilikotumia fedha nyingi kuliko popote, na ndiko ambako hakuna mgeni atakayeona kilichofanyika. Bati la boriti ni la geji 18, yaani milimita 1.2. Mashine ya kawaida ya vijiti inayotumika kwenye mageti na madirisha hulitoboa na kulikunja. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG ya waya mwembamba na gesi, na umwone akichomelea vipande viwili vya bati chakavu kabla hujampa gari. Tangi la petroli litolewe kabisa, betri zifunguliwe, na mazulia yote yatoke. 

Fundi asikate boriti zote mbili kwa pamoja. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Gari la wazi lichomelewe fimbo ya chuma kutoka kwenye nguzo ya bawaba hadi nyuma ya mlango, kukingama uwazi wote, na uzito wake ukae kwenye magurudumu au kwenye vishikio vilivyo chini ya ekseli. Ukiliweka kwenye magogo katikati halafu ukakata boriti, litashuka milimita chache, na milango haitafunga tena maisha yake yote. Funga mlango kila baada ya hatua, uone kama mwanya umebaki vilevile. Kazi hii huenda polepole mno. Gari likiwa halina sakafu na fundi yuko kwenye kazi ya mtu mwingine, moyo huvunjika na unaanza kufikiria kuliuza kama chuma chakavu. Lipa kwa hatua iliyokamilika, kamwe si kwa ahadi.

Bati jipya lisipotiwa dawa kwa ndani, umejenga nyumba ya kutu. Kila boriti itobolewe tundu la kuingiza mpira wa kunyunyizia, ijazwe nta ya kuzuia kutu, kisha tundu lizibwe kwa kifuniko cha mpira. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini ya gari, ina asidi, hulainisha mipira ya suspensheni na hunasa mchanga, iache. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi. Ya kwangu yalikuwa yamezibwa kwa rangi.

Kuosha nako kuna namna yake. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na ukiliosha gari kwa maji hayo unalirudishia kile unachokiondoa. Tumia maji ya bomba au ya mvua, na uelekeze mpira chini, ndani ya matao ya magurudumu na nyuma ya taa za mbele, kwa sababu huko ndiko matope hukaa. Usilifunike kwa nailoni. Linatoa jasho usiku na asubuhi chuma kimelowa. Banda la makuti lililo wazi pande zote, upepo ukipita, linalishinda turubai lolote.

Breki zifuatie, hata kama gari linasimama vizuri siku ya kununua. MGB nyingi za usukani wa kulia za miaka ya 1960 zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa mpigo. Kilichobaki hapo ni breki ya mkono, kwa hiyo nayo itengenezwe. Badilisha paipu zote za chuma, ambazo ni za inchi 3/16, kwa za aloi ya shaba na nikeli zisizoshika kutu. Badilisha mipira mitatu inayopinda, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, bila kuitazama kama inaonekana mizima, kwa sababu huvimba kwa ndani. Dalili yake ni gari kubaki limekamatwa baada ya kuachia pedali, au gurudumu moja la mbele kuwa la moto kuliko la pili. Silinda ndogo za nyuma huvuja ndani ya ngoma, na mafuta hulowesha viatu vya breki. Vua ngoma uone kwa macho.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili, kwani hayo hunyonya unyevu na hewa yetu imejaa unyevu. Usiruhusu mtu aongeze oili ya usukani au ya injini kwenye tangi la breki, hata tone moja: mipira yote itavimba na itabidi uibadilishe upya. Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, yaani silinda kuu ya breki. Kwa usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia.

Kabla fundi hajashika nati yoyote, nunua seti ya spana za inchi. Hili linaonekana dogo, lakini limeharibu magari mengi. Nati za MGB ni za inchi, na mafundi wetu wana spana za milimita. Nati ya 7/16 ni milimita 11.1, basi spana ya 11 haiingii na ya 12 inacheza. Ya 9/16 ni milimita 14.3, basi 14 haiingii na 15 inacheza. Spana inayocheza huviringa kichwa cha nati, kisha inakuja tindo, kisha inakuja welding. Spana sita, kutoka 3/8 hadi 3/4, pamoja na soketi zake, zinafanya karibu kazi yote. Bolti zinazopotea zisibadilishwe na za milimita zilizolazimishwa. Nyuzi za UNF, yaani za kipimo cha inchi, haziendani nazo, na kinachoharibika ni shimo.

Joto la hapa si tatizo kwa MGB yenye njia safi za maji. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi limejazwa maji matupu ya kisima. Bloku na silinda hedi zote ni za chuma, na kutu yake huteremka kama tope nyuma ya bloku, pale penye koki ya kumwagia maji. Fungua koki hiyo. Ikiwa hakuna kinachotoka, pasukume kwa waya hadi tope litoke, kisha pitisha maji kwa nguvu kinyume cha mwelekeo wa kawaida. Peleka rejeta ikatolewe kichwa na kusafishwa mirija. Weka themostati mpya ya nyuzi 82. Kuiondoa kabisa, kama wengi wanavyoshauri, hakuponyi rejeta iliyoziba. Jaza maji ya mvua au yaliyokenekwa (distilled), yakichanganywa na kuulanti. Huku hakuna barafu, lakini kuulanti ina dawa ya kutu, na hiyo ndiyo unayoinunua. Kipimo cha kweli ni foleni ya Mtwapa saa nane mchana. Sindano ikipanda kwenye foleni na kushuka ukitembea, tazama feni na rejeta. Ikipanda ukiwa kwenye mwendo, tazama pia rejeta, gasketi ya hedi na muda wa moto (taimingi).

Kwa umeme, jua kwanza kwamba gari la kabla ya mwisho wa 1967 lina ethi chanya, yaani waya wa chanya wa betri ndio unaoshikana na bodi. Duka la betri lisilojua litafunga kinyume kwa nia njema, na chaja ya simu yenye ganda la chuma itapiga shoti. Bandika karatasi juu ya visanduku vya betri iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Betri zenyewe ni mbili za volti 6 zilizoungwa mfululizo. Zikifa, weka moja ya volti 12 inayotoshea kwenye kisanduku kimoja, kwani za volti 6 ni shida kuzipata. Dainamo yake hutoa takriban ampea 22 tu, kwa hiyo usiongeze taa kubwa wala redio yenye mngurumo kabla hujaingia kwenye alternata.

Rangi za nyaya ni ramani tosha. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, bila fyuzi. Nyeupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa, kijani ni huo huo baada ya fyuzi, zambarau una fyuzi na upo wakati wote, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ethi. Kwa kuwa kahawia hauna fyuzi, ukichubuka dashibodi nzima huungua. Funga swichi ya kukata betri mahali unapofika kwa mkono. Halafu pita kila kiungo cha nyaya, vile vyenye umbo la risasi ya bunduki vinavyoingia kwenye mirija, ukikisugua kwa msasa laini na kukipaka grisi ya umeme. Hitilafu nyingi zinazosingiziwa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa hivi, ni chumvi ya bahari kwenye ethi. Taa hafifu, pampu inayolegalega, geji zinazopanda na kushuka kwa pamoja: safisha ethi kabla ya kununua chochote.

Mafuta ndiyo sehemu mafundi wanayoikimbilia kwanza, na ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho. Weka mwanya wa pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, kwenye inchi 0.015, plagi za BP6ES kwenye inchi 0.025, vali kwenye inchi 0.015, mpangilio wa moto wa silinda 1-3-4-2. Hayo yakikaa sawa, nusu ya lawama za kabureta huisha zenyewe. Kabureta ni mbili za SU, aina ya HS4. Jaza oili nyepesi kwenye mabomba ya juu. Yakikauka, gari hukohoa ukikanyaga ghafla. Kupima mchanganyiko, injini ikiwa moto, inua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikipanda mwendo na kubaki juu, petroli imezidi. Ikidhoofika au kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, ni sawasawa. Nati ya chini ya jeti, mrija unaotoa petroli, ikishushwa huongeza petroli, ikipandishwa hupunguza. Geuza upande mmoja wa nati kwa wakati, kabureta zote mbili kwa kipimo kilekile.

Isipokubali kutulia, nyunyiza oili nyembamba kwenye miisho ya fimbo ya throto huku injini ikinguruma. Sauti ikibadilika, fimbo imelika na inavuta hewa, na hakuna kugeuza nati kutakakoponya hilo. Pampu ya petroli ya SU iliyo nyuma nayo ina pointi zake. Ukiwasha ufunguo usisikie tiki-tiki, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikianza kufanya kazi umeshajua spea ya kuagiza. Kenya iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na viti vya vali vya zamani vilitegemea risasi hiyo. Mwanya wa vali za ekzosti ukiwa unapungua kila unapopima, panga kuweka viti vigumu siku hedi itakapofunguliwa.

Spea agiza kwa orodha moja kubwa. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikijumlishwa, na usafiri wa kifurushi kidogo cha gasketi unaweza kuzidi bei ya gasketi zenyewe. Mimi huandika kila kinachokosekana ukutani na kuagiza orodha ikijaa. Oili ya 20W50 inapatikana hapa hapa, na ndiyo inayoingia kwenye injini na giaboksi pia. Difu, gia za ekseli ya nyuma, ina oili yake ya gia. Nipeli za grisi kwenye kingipini, nguzo ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, ni tatu kila upande. Kitabu kinasema kila maili 3,000, lakini kwa mchanga wa njia za Mambrui mimi huzipiga mapema zaidi.

Kabla ya safari ya Mombasa, beba rota, kondensa, pointi, mkanda wa feni, mpira wa juu wa rejeta, lita 5 za maji na spana zako mwenyewe. Matuta yavuke kwa mshazari, kwani silensa ndiyo inayogusa kwanza. Kama magurudumu ni ya spoki, paka grisi meno ya habu kabla ya kuyafunga, na utumie nyundo ya shaba. Nati kubwa ya katikati hulegezwa kwa kupiga sikio lake la juu kuelekea mbele ya gari, pande zote mbili, na hukazwa kuelekea nyuma. Ukishayavua na kuyarudisha, simama Gede uzipige tena zote nne kabla ya kuendelea.